Wauzaji na mafundi, pimeni kaske kabla ya kuihukumu

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua tuseme neno na wauzaji wa vifaa vya kompyuta, mafundi wenzetu na wateja wao hapa Lubumbashi, kuanzia mjini kati hadi komini za Kamalondo, Kenya na Katuba. Kaske za Bluetooth, zile ambazo jirani zetu wa Tanzania huziita hedifoni, zinarudishwa madukani kwa neno moja tu: "Inakatakata." Muuzaji anaapa kwamba mzigo ule ulikuwa mzuri, mteja anaongeza pesa achukue ya bei ya juu, na baada ya siku mbili anarudi na neno lilelile. Nyingi ya kaske hizo ni nzima. Ugonjwa uko mezani: kwenye kipanya kisicho na waya, diski ya nje, modemu, na mipangilio ya kompyuta ambayo hakuna aliyeigusa tangu mashine itoke kwenye katoni.

Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. "Inakatakata" limebeba magonjwa matatu yasiyo na undugu. Kuna sauti inayokatika vipande vipande, mara nyingi huku kishale cha kipanya nacho kikirukaruka kwenye kioo. Huo ni msongamano wa hewani. Kuna sauti isiyokatika ila inageuka nyembamba na chafu, kama mtu anayeongea ndani ya debe, mara tu mkutano wa mtandaoni unapoanza. Huo ni mchezo wa mikro, yaani maikrofoni. Na kuna muziki unaosimama wenyewe, unaohama kutoka kompyuta kwenda simu, au unaoanza kucheza mahali usipoutaka. Hizo ni amri zinazogongana. Fundi asiyemuuliza mteja ni ipi kati ya hizo tatu atabadilisha betri, atafuta programu, atatoza pesa, na kaske itarudi ilivyokuwa.

Tuanze na hewa. Bluetooth, kipanya chenye kile kidude kidogo cha USB cha kupokea mawimbi yake, na Wi-Fi ya kawaida vyote vinaishi katika ukanda mmoja wa gigahezi 2.4, yaani kutoka megahezi 2400 hadi 2483.5. Bluetooth inayobeba muziki inaukata ukanda huo vijia 79, kila kimoja megahezi 1, na inaruka kutoka kijia hadi kijia mara 1600 kwa sekunde. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 ina akili ya kukwepa vijia vyenye kelele, lakini ni lazima ibakiwe na angalau 20. Modemu moja ya Wi-Fi inayotumia upana wa megahezi 20 inakalia karibu robo ya ukanda. Ukiiweka 40, imekula nusu. Sasa ingia katika sekretariati yoyote ya kupiga chapa na kutoa fotokopi: modemu ya mwenye duka iko chaneli 1, ya jirani iko 6, na simu ya mteja inayogawa megabaiti iko 11. Bluetooth hapo inapita kwenye nyufa. Itapita vizuri kaske ikiwa karibu na njia ikiwa wazi, itakwama mtu akigeuka tu, kwa sababu mwili wa binadamu umejaa maji na maji yanameza mawimbi ya gigahezi 2.4.

Lakini mchawi mkubwa si modemu. Ni tundu la USB lenye plastiki ya bluu ndani yake. USB 3.0 inapitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele ya umeme wa kasi hiyo inamwagika hewani ikifunika na ukanda wa 2.4. Si uvumi wa mafundi: Intel wenyewe walichapisha maelezo yake mwaka 2012, na vipimo vikionyesha kelele ya chinichini ikipanda kwa takriban desibeli 20 karibu na kifaa kinachofanya kazi. Waya wa diski usio na ngao nzuri ndiyo antena yake. Chomeka diski hiyo kwenye tundu moja na kidude cha kipanya kwenye tundu la pili, sentimita mbili kando, na kidude kimekuwa kama mtu anayenong'onezwa akiwa amesimama mlangoni pa mashine ya kusaga unga wa bukari.

Kulithibitisha ni dakika mbili. Anza kunakili faili kubwa, tuseme gigabaiti 2, kutoka kwenye diski ya nje. Wakati inanakili, zungusha kipanya polepole kwa duara na usikilize muziki kwenye kaske. Kishale kikiburuta miguu na sauti ikikwaruza, kisha vyote vikapona sekunde ileile kunakili kunapokwisha, usitafute mwingine. Dawa yake ni ralonji ya USB, yaani waya wa kurefushia, ya sentimita 50 hadi mita 1: kidude kichomekwe mwisho wa ralonji na kilazwe mezani kando ya kipanya, mbali na diski. Ralonji iwe ya USB 2.0, ile nyeusi ya kawaida. Kipanya hakihitaji kasi zaidi, na ralonji ya bei rahisi ya bluu inaweza kuleta kelele palepale ulipokuwa unaikimbia. Wengine wanadhani tatizo ni kidude kuwekwa kwenye tundu la bluu. Hapana, tundu la bluu likibeba kipanya tu halifanyi kelele hiyo. Jirani yake mwenye kazi ndiye mbaya. Kwa hiyo hata laptopu yenye matundu ya bluu peke yake inapona kwa ralonji, kwa kuwa kinachoponya ni umbali.

Kaske nayo inanufaika diski ikisogezwa. Antena za laptopu nyingi zimezungushwa kwenye fremu ya kioo, nyingine ziko chini karibu na matundu. Usiiweke diski juu ya laptopu wala usiibandike nyuma ya kioo kwa gundi kama tunavyoona watu wakifanya. Iache ining'inie mbali kadiri waya wake unavyofika. Vile viunganishi vya USB-C vyenye matundu sita na HDMI kwa pamoja navyo ni wa ukoo uleule.

Kisha ugawe kazi. Kadi ndogo iliyo ndani ya laptopu inafanya Wi-Fi na Bluetooth kwa pamoja, na kwenye 2.4 inalazimika kupeana zamu. Ukiiongezea kipanya cha Bluetooth, ambacho kinaweza kudai kusikilizwa hata kila milisekunde 7.5, kibodi ya Bluetooth, na kaske yenye njaa ya karibu kilobiti 328 kwa sekunde, umeisonga. Vipanya vingi vya siku hizi vina swichi tumboni ya kuchagua kidude au Bluetooth: peleka kipanya kwenye kidude, iachie kaske Bluetooth peke yake. Kibodi, tukiulizwa sisi, iwe ya waya. Mpiga chapa aliyeketi mahali pamoja siku nzima hapati faida yoyote kwa kununua betri za kibodi.

Intaneti nayo ihamishwe. Modemu au ruta yenye gigahezi 5, tumia hiyo kwa kompyuta, na 2.4 ibaki kwa simu za zamani. Simu ya Android inayogawa intaneti huwa na mahali pa kuchagua ukanda ndani ya mipangilio ya kugawa. Ikiwa umeachwa 2.4, badilisha. Modemu za mfukoni za bei ndogo nyingi hazina 5 kabisa, basi hiyo iweke upana wa megahezi 20, chaneli ya 1 au ya 11, na uitoe mezani, mita 2 tu zinatosha. Njia bora kuliko zote kwa mwenye simu na laptopu haigharimu kitu: gawa intaneti kwa waya wa USB. Wi-Fi inanyamaza kabisa, kaske inapata hewa, na simu inachaji humohumo. Njia mbaya kuliko zote ni kugawa intaneti kwa Bluetooth, kwa sababu kaske na intaneti zinagombania redio moja.

Hapa tuseme jambo ambalo mafundi wenzetu hawatalipenda. Kiangazi chetu kinaleta vumbi jekundu, laptopu zinafunguliwa kusafishwa feni, na nyingine zinafungwa vibaya. Ile kadi ya Wi-Fi ina waya mbili nyembamba za antena, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe, kila moja na kichwa cha shaba kidogo kuliko punje ya mchele. Fundi anaziondoa apate nafasi, kisha anarudisha moja na nyingine inabaki imejikunja chini ya ubao. Wi-Fi itaendelea kufanya kazi, dhaifu kidogo, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Lakini Bluetooth inaweza kubaki bila antena yake, ikasikika nusu mita tu. Mteja akisema kaske ilianza kukatika "tangu mashine isafishwe", fungua tena. Kichwa kiwekwe wima juu ya kituo chake, usikisukume kwa pembe, kibonyeze kwa ukucha hadi ukihisi kimebana. Vichwa hivi havikutengenezwa kwa kuchomolewa mara nyingi. Kilicholegea hakirudi kubana, badilisha waya. Kwenye kompyuta za meza za okazi, yaani zilizokwisha tumika, zinazotoka Ulaya kasoro ni rahisi zaidi: nyuma kuna vituo viwili vya dhahabu vya kufungia antena kwa skrubu, na antena zenyewe hazikuja au zimelala droo. Bila hizo, sanduku la chuma linaificha Bluetooth yote. Hivyohivyo kidude cha Bluetooth kilichochomekwa nyuma ya sanduku: kilete mbele, au kwenye ralonji. Na ukiongeza kidude cha Bluetooth kwenye mashine ambayo tayari ina Bluetooth ndani, zima ile ya ndani katika "Gestionnaire de périphériques", yaani orodha ya vifaa ya Windows, maana Windows haiendeshi redio mbili za Bluetooth kwa wakati mmoja.

Yapo pia yanayokuja na delestaji, yaani mgao wa umeme. Mteja akilalamika kwamba kaske inakatika umeme unapoondoka tu, si bahati mbaya: laptopu imehamia kwenye betri na imeanza kubana matumizi. Katika "Gestionnaire de périphériques" fungua Bluetooth, bonyeza mara mbili jina la kadi, nenda "Gestion de l'alimentation" na uondoe alama kwenye ruhusa ya kuzima kifaa hicho ili kuokoa nishati. Ukurasa huo usipoonekana, mashine yako haiutoi. Zima basi hali ya kuokoa betri. Kipanya nacho kikianza kuruka bila diski wala Wi-Fi karibu, weka betri mpya ya alkali kabla ya kufikiri lolote.

Sasa mikro, ambayo ndiyo inayodanganya watu wengi kuliko yote. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti kwa kaske moja. Ya kwanza inapeleka muziki kwa upande mmoja tu, stereo, kutoka kompyuta hadi sikioni. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya simu: inabeba sauti pande zote mbili, lakini kila upande unapewa kijisehemu cha kilobiti 64 kwa sekunde. Sampuli zake ni 8000 kwa sekunde, au 16000 kaske ikiwa ya kisasa kidogo, wakati wimbo wa CD una 44100. Njia hizo mbili haziendi pamoja. Programu yoyote ikifungua mikro ya kaske, Zoom, Teams, WhatsApp ya kompyuta, hata ukurasa wa wavuti uliouruhusu wiki iliyopita ukasahau, kompyuta inaiacha njia ya muziki na kuingia ya simu. Besi zinapotea, kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja, na athari za "Son spatial" zinazimika. Hakuna kilichoharibika. Bei ya kaske haibadilishi hilo. Ya dola mia tatu itashuka kama ya dola kumi.

Kwa hiyo usiitumie mikro ya kaske. Katika programu ya mkutano chagua kaske kuwa spika, na mikro iwe ya laptopu au ya USB. Kwenye Windows 10 utaona kaske imeandikwa mara mbili, jina moja likiwa na neno Stereo na jingine Hands-Free. Spika iwe yenye Stereo. Windows 11 imeziunganisha kuwa jina moja, na hapo ndipo watu wanapotea, kwa sababu kubadilika hakuonekani tena. Ili kulifunga jambo lenyewe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, ingia. Kwenye ukurasa wa "Enregistrement" bonyeza kitufe cha kulia juu ya mikro ya kaske na uchague "Désactiver". Tangu hapo hakuna programu itakayoweza kuifungua kwa siri. Kwenye simu kaske itaendelea kupokea mazungumzo kama kawaida.

Ukiwa humohumo fungua ukurasa wa "Communications". Windows imewekwa ipunguze sauti nyingine kwa asilimia 80 kila inapohisi mazungumzo, na mteja anadhani kaske inafifia. Chagua "Ne rien faire". Wanaotumia Linux, na wanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa wako wengi, wafungue pavucontrol, ukurasa wa mwisho, na wachague wenyewe profaili ya A2DP. Ndiyo hiyo njia ya muziki. Mac nayo inashuka vilevile. Nenda kwenye mipangilio ya sauti na uweke mikro ya ndani.

Asiyetaka maneno yote hayo anunue kaske ya waya ya milimita 3.5 kwa ajili ya mikutano. Hesabu pete nyeusi kwenye ncha yake: tatu maana yake ina mikro, mbili haina. Na wanaorekodi kwaya, tafadhali msisikilizie kwa Bluetooth kamwe. Sauti inachelewa milisekunde 150 hadi 250 au zaidi, mwimbaji anajisikia nyuma ya kinanda na anaanza kukimbia. Kwa filamu kuchelewa huko si shida: VLC ina herufi J na K, kila mguso ukisogeza sauti milisekunde 50, na kwa Bluetooth utakayohitaji ni J.

Ugonjwa wa tatu, ule wa amri, unatokana na ukarimu wa watengenezaji. Kaske nyingi leo zinashika vifaa viwili pamoja, simu na laptopu. Zinashika viwili ila zinasikiliza kimoja, na mara nyingi aliyetoa sauti mwishoni ndiye anayepewa nafasi. Unasikiliza wimbo kutoka kwenye simu, laptopu inapata barua pepe na kulia "ting", muziki wa simu unasimama. Unaweza kuzima muunganiko wa pili katika aplikesheni ya kaske. Lakini kuna njia laini zaidi: kwenye mmsys.cpl, ukurasa wa "Sons", chagua "Aucun son". Laptopu haitalia tena bure, na bado utahamia kwenye mkutano bila kuunganisha upya. Simu ikiwa ndiyo inayokurupusha, ingia kwenye mipangilio yake ya Bluetooth, gusa jina la kaske na uondoe ama simu ama muziki, kile usichokihitaji.

Kuna pia kihisi cha sikio. Ukiinua upande mmoja umsikie mtu, kaske inatuma amri ya kusimamisha. Ukirudisha, amri ya kucheza. Kwenye simu amri hiyo inajua pa kwenda. Kwenye kompyuta inamwendea yeyote aliyeshika usukani wa sauti mwishoni, na hapo ndipo filamu inapokaa kimya huku video iliyosahaulika kwenye dirisha la nyuma inaanza kupiga kelele. Vitufe vya muziki vya kibodi isiyo na waya vinafuata njia hiyohiyo, kwa hiyo watu wanailaumu kibodi. Kitambaa cha kichwa na miguu ya miwani huchanganya kihisi pia. Kizime kwa aplikesheni ya simu. Mpangilio unabaki ndani ya kaske hata ukirudi kwenye kompyuta.

Sauti inayoruka kutoka ndogo mno hadi kubwa mno kwa mguso mmoja wa kibodi ni jambo jingine. Kompyuta na kaske zinatumia mita moja ya sauti, na kaske nyingine zina hatua chache mno. Windows inaruhusu kuzitenganisha kwa rejista, yaani hazina ya mipangilio yake ya ndani: HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\ControlSet001\Control\Bluetooth\Audio\AVRCP\CT, thamani ya DisableAbsoluteVolume iwe 1, kisha uwashe mashine upya. Tengeneza nakala ya rejista kwanza, na asiyewahi kuigusa ampe fundi.

Kuzima kelele za nje kunalaumiwa bure. Kazi hiyo inafanyika ndani ya kaske yenyewe na haina uhusiano na kukatika hewani. Kuizima kutakuongezea saa za betri, basi. Inafaa sana kwa mngurumo wa jenereta ya jirani, mzito na usiobadilika, lakini haitamnyamazisha anayegombana barabarani, na muuzaji asiahidi hivyo.

Ombi letu kwa maduka ni dogo. Kaske ikirudishwa, iunganishwe kwanza na simu moja iliyo mkononi, kompyuta ikiwa imezimwa, wimbo uchezwe dakika tano. Ikikatika hapo, hiyo kweli ina kasoro na mteja apewe nyingine bila mabishano. Isipokatika, futa jina lake kwenye laptopu ya mteja, iunganishe upya, na uchague jina sahihi: yakitokea majina mawili na moja linaanza na LE_, hilo mara nyingi ni la aplikesheni, si la sauti. Laptopu isiwe na kitu chochote kwenye USB, na Wi-Fi izimwe. Sikiliza dakika tano. Kisha ongeza kidude cha kipanya, kisha diski, kisha Wi-Fi, kimoja kimoja, na usimame pale inapoanza. Robo saa inatosha, na kwa robo saa hiyo mteja anaondoka na ralonji badala ya kaske ya pili.

La mwisho ni maneno ya kwenye boksi. "Bluetooth 5.3" iliyoandikwa kwa herufi kubwa haimaanishi kwamba ugonjwa wa mikro umepona. Kinachouponya ni LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, pamoja na kodeki yake (njia ya kubana sauti) LC3, iliyokuja na Bluetooth 5.2 mwaka 2020, na si lazima kwa kila chombo cha toleo hilo au la baadaye. Inapaswa kuwepo pande zote: kaske, kadi ya kompyuta, na Windows 11 ya karibuni. Anayenunua aje na laptopu yake dukani. Acheze wimbo anaoujua vizuri, afungue programu ya kurekodi sauti huku mikro ya kaske ikiwa imechaguliwa, na abonyeze kurekodi. Wimbo ukishuka ghafla ukawa wa ndani ya debe, kaske hiyo na laptopu hiyo bado ziko kwenye njia ya zamani, hata boksi liseme nini.

Mafundi wa kompyuta,
Kamalondo, Lubumbashi